Kukaza skrubu ya jino la kupandikiza: racheti ikisema 35, hakikisha ni 35 kweli

Baba yangu alikuwa fundi injini Gerezani, Dar es Salaam. Likizo za shule nilikuwa nikishinda gereji kwake, na kazi aliyonikataza kabisa ilikuwa kukaza bolti za silinda hedi kwa spana ya kawaida. "Mkono una siku zake," alikuwa akisema. "Leo umeshiba, kesho una njaa. Spana ya toki haina njaa." Spana ya toki ni ile inayopima nguvu ya kuzungusha. Alikuwa akianzia bolti za katikati kwenda pembeni kwa kupishanisha: mzunguko wa kwanza kidogo, wa pili zaidi, wa tatu ndipo kipimo kamili.

Leo mimi ni daktari wa meno, na skrubu ninazokaza, kwa spana ndogo ya toki tunayoiita racheti, hazizidi njiti ya kiberiti kwa unene. Maneno ya baba ndiyo ninayowapa madaktari wadogo wanaokuja kujifunza kazi ya vipandikizi, yaani mizizi ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya ili ishike jino la bandia. Tangu Per-Ingvar Brånemark amwekee mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani huko Gothenburg, Sweden, mwaka 1965, titani imethibitisha kwamba inashikana na mfupa. Skrubu inayofunga krauni, yaani jino la bandia lenyewe, juu ya kipandikizi ndiyo bado inaturudishia wagonjwa kitini.

Madaktari hao wadogo wote wananijibu haraka nikiwauliza skrubu hiyo ikazwe kwa namba gani: "Thelathini na tano, daktari." Nikiuliza inapima nini, chumba kinanyamaza. Basi tuanzie hapo.

Namba inapima nini

Kichwa cha skrubu kikishakaa mahali pake ndani ya abatimenti, kile kiungo kati ya kipandikizi na krauni, kila unapoendelea kuzungusha unaivuta skrubu. Inarefuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, nayo inataka kurudi kwenye urefu wake, kama mpira wa manati. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana krauni na kipandikizi vikawa kitu kimoja. Mgonjwa akitafuna, kila tonge linajaribu kuvitenganisha. Mvutano wa skrubu ukiizidi nguvu ya tonge, skrubu haihisi kitu. Ukiwa mdogo, vipande vinaachana na kurudiana, vinaachana na kurudiana, mpaka skrubu inaanza kujifungua yenyewe.

Racheti haiuoni mvutano huo. Racheti inapima ugumu wa kuzungusha tu, kwa Newton-sentimita, tunaandika Ncm. Katika kila sehemu kumi za nguvu unayotia, takriban tisa zinaliwa na msuguano chini ya kichwa cha skrubu na kwenye hesi zake, zile ambazo Gerezani wanaziita tredi. Sehemu moja tu ndiyo inayoivuta skrubu. Kwa hiyo chochote kinachoongeza msuguano, au kinachoila nguvu yako njiani, kinaila ile sehemu moja, na racheti itaendelea kukuonyesha 35 bila wasiwasi.

Hilo nililijifunza kwa mama mmoja wa Temeke anayeuza vitumbua. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi hizi. Gego la chini kulia. Nilikaza, mstari ukafika 35, nikafunga tundu, nikamsindikiza mpaka mlangoni. Baada ya miezi minne akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jino linacheza kama la mtoto wa darasa la kwanza."

Moyo ulinishuka, nikadhani kipandikizi kimeachia mfupa. Kilikuwa imara kabisa. Skrubu ndiyo iliyolegea. Nikaikaza tena 35. Wiki sita hazikupita, akawa amerudi tena. Siku hiyo nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza: nilipitisha uzi wa meno kati ya krauni na jino la mbele yake. Uzi ulikwama, nilipouvuta ukakatika. Krauni ilikuwa imebanwa na jirani. Nguvu yangu yote ilikuwa ikiishia kuisukuma krauni ijipenyeze kwenye jino lile, na skrubu ilikuwa ikiambulia makombo. Nilimwambia, "Mama, kosa ni langu," nikapunguza ubavu wa krauni kwa uangalifu, nikaweka skrubu mpya. Haijalegea tena.

Kabla hujashika racheti

Tafuta waraka wa mtengenezaji wa kipandikizi hicho hasa. Usikae na namba moja kichwani. Abatimenti nyingi za kampuni za Straumann na Nobel Biocare ni 35 Ncm, lakini skrubu ndogo inayoshika daraja, yaani meno ya bandia yaliyoungana, juu ya abatimenti zao za vipandikizi vingi ni 15. Nobel hiyohiyo, abatimenti iliyonyooka ya vipandikizi vingi ni 35, iliyopinda ni 15. Kwa Osstem ya Korea, skrubu ya kawaida ni 30 na ya kipandikizi chembamba ni 20. Ukikaza ya 15 kwa 35 unaweza kuivuta mpaka ipoteze uwezo wa kurudi, na skrubu iliyopoteza uwezo wa kurudi haibani inavyotakiwa hata ikiwa haijakatika. Kifuniko cha uponyaji cha muda, kile kinachosubiri fizi zipone, hicho vidole vinatosha.

Bisibisi nayo iwe ya mfumo huohuo. Zipo za pembe sita za milimita 1.2, za 1.25 na za 1.27, na ukizimwaga zote mezani hutazitofautisha kwa macho. Ya 1.2 itaingia vizuri tu kwenye tundu la 1.27, itazungusha vizuri mwanzoni, kisha itateleza na kuliacha tundu limekuwa mviringo. Skrubu ya namna hiyo kuitoa ni kazi ya saa nzima, na mgonjwa anakutazama. Mimi bisibisi zangu nimezifunga pete za rangi, kila mfumo na rangi yake.

Skrubu iliyokuja na krauni kutoka maabara imeshakazwa na kufunguliwa mara nyingi na fundi sanifu. Hiyo mrudishie abaki nayo kwa kazi zake. Ya kumfungia mgonjwa iwe mpya, itoke kwenye pakiti siku hiyohiyo. Najua bei yake, najua pia watu wanavyotamani kuokoa hapo. Usiokoe hapo.

Safisha ndani ya kipandikizi. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali au klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kisha kausha. Damu iliyoganda kwenye hesi ni msuguano ambao hukuupangia. Ukishakausha, weka krauni, ikaze kwa vidole na bisibisi ya mkono, halafu pitisha uzi wa meno pande zote mbili. Upite kwa kukaza kidogo, kama unavyopita kati ya meno ya asili, usikwame wala kukatika. Ukikwama, weka karatasi ya rangi ubavuni, ona inapogusa, punguza kidogo, rudia. Hapa usione haya kutumia dakika ishirini.

Kisha piga eksirei ndogo ya jino hilo. Uiangalie hivi: kama hesi za kipandikizi zinaonekana kali pande zote mbili, picha imepigwa sawasawa na unaweza kuiamini. Zikiwa na ukungu upande mmoja, mwale umekwenda mshazari na picha itakuficha mwanya. Rudia. Mstari mweusi kati ya abatimenti na kipandikizi maana yake kuna fizi au mfupa uliobanwa, au krauni haijakaa. Usitumie racheti kuilazimisha ikae.

Ipime racheti yenyewe

Hapa ndipo ninapowaudhi watu, kwa sababu wengi hununua racheti siku moja na kuiamini maisha yote.

Racheti za mkono zipo za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina fimbo nyembamba inayopinda, yenye kitufe mwishoni. Unavuta kitufe na fimbo inatembea kwenye alama. Ya pili ina springi ndani. Unaweka kipimo, na ikifika hapo kichwa kinaachia kwa mlio. Ya fimbo ina vitu vichache vya kuharibika. Ya springi inategemea springi na sehemu zinazosuguana, na hizo ndizo zinazochemshwa kwa mvuke wa nyuzi 134 kila baada ya mgonjwa, pamoja na damu iliyoingia ndani kama hukuifungua na kuiosha. Kutu ikiingia, kipimo kinaondoka, na mlio utaendelea kuusikia uleule.

Kwa hiyo ya springi ifungue kila baada ya matumizi, isugue kwa brashi laini, ikaushe, tia tone la mafuta ya vifaa pale tu mtengenezaji anapoelekeza, na uilegeze springi mpaka sifuri kabla ya kuichemsha na kuihifadhi. Ya fimbo, hakikisha fimbo ikiachiwa inarudi kwenye sifuri yenyewe. Isiporudi, imeshapinda, weka kando.

Kipimo cha kweli kinafanywa kwa mashine ya kupimia toki. Kiwango cha kimataifa cha spana za toki za mkono, ISO 6789, kinataka zipimwe upya kila baada ya miezi 12 au matumizi 5,000, lolote litakalotangulia. Kama mji wako una fundi wa vifaa tiba mwenye mashine hiyo, mpelekee. Kama hana, ipo njia ninayoitumia mimi kila miezi mitatu, nyuma ya kliniki, kwa jiriwa, uzi na sukari.

Chukua bisibisi ya zamani, ibane kwenye jiriwa ikiwa imelala, ncha ikiwa ndani ya jiriwa. Ivishe racheti ili mpini uelekee pembeni, sawa na sakafu. Pima kwa rula kutoka katikati ya bisibisi hadi pale kidole kinapovutia. Tuseme ni sentimita 5. Sasa hesabu ya kidato cha pili: 35 ukigawa kwa 5 ni Newton 7, na Newton 7 ni uzito wa gramu 714. Kwa 15 Ncm ni Newton 3, gramu 306. Mimina sukari kwenye mfuko juu ya mizani ya jikoni mpaka ifike gramu 714, pamoja na mfuko wenyewe na uzi. Uning'inize taratibu kwenye kitufe. Subiri utulie. Fimbo isimame kwenye alama ya 35.

Ya springi weka 35, kisha ongeza sukari kijiko kwa kijiko mpaka kichwa kiachie, halafu rudisha mfuko kwenye mizani usome. Kumbuka mpini wenyewe una uzito, kwa hiyo itaachia mapema kidogo. Njia hii haikupi cheti, ila inamkamata mwongo. Mara ya kwanza nilipoifanya, racheti moja ya springi niliyokuwa nikiitumia iliachia nikiwa sijafika hata gramu 500. Yaani kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiwakazia watu chini ya 25 na kuandika 35 kwenye faili. Niliwapigia simu wagonjwa wale mmoja mmoja wakaja, nikawakazia upya.

Kuvuta

Weka kipande cha shashi nyuma ya ulimi na funga uzi wa meno kwenye bisibisi. Bisibisi ikimezwa ni msiba. Ikiingia kwenye mapafu ni msiba mkubwa zaidi. Mpe mgonjwa kizuizi cha mpira aung'ate upande wa pili, kwa sababu taya lililochoka hutetemeka na wewe utavuta kwa haraka ili umwonee huruma.

Ingiza bisibisi mpaka chini kabisa. Itikise kidogo, isiwe na mchezo. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kibonyeze kichwa cha racheti sawa na mhimili wa skrubu, kisiende kushoto wala kulia. Kichwa kikiinama, sehemu ya nguvu yako inaisukuma bisibisi ubavuni, na hiyo nayo ni nguvu iliyopotea ambayo racheti imeihesabu.

Kwenye racheti ya fimbo, kidole kimoja tu, na kiwe kwenye kitufe. Nimeona watu wakishika mpini mzima kama nyundo. Hapo namba haina maana, kwa sababu alama zilipimwa nguvu ikiwekwa kwenye kitufe. Vuta polepole, sekunde tatu au nne, usiishtue. Jicho liwe juu ya alama moja kwa moja. Ukisoma kutoka pembeni, mstari utauona umefika wakati bado. Kwa gego la nyuma kabisa mimi husimama, au msaidizi wangu anasoma na mimi navuta: "Bado, bado, hapo." Ikifika, shikilia kidogo, kisha achia. Kwenye ya springi, ukisikia mlio simama. Usiipigie mlio wa pili kwa kujiridhisha.

Mgonjwa akisikia maumivu ndani ya mfupa wakati unavuta, au ukiona abatimenti na kipandikizi vinazunguka pamoja, acha mara moja. Kipandikizi hicho huenda hakijashikana na mfupa, na hakuna racheti itakayokisaidia.

Sasa kaa chini. Tazama saa. Dakika kumi.

Nyuso za skrubu na za kipandikizi, hata zikiwa zimechongwa kwa mashine bora, zina vilima vidogo visivyoonekana. Vikishabanwa vinalalia, na vikilalia skrubu inalegea kidogo: mvutano unapungua kwa kati ya asilimia 2 na 10, na sehemu kubwa inaondoka mapema. Baada ya dakika kumi rudisha racheti, vuta tena hadi namba ileile, si zaidi. Utaona bisibisi inazunguka kidogo kabla fimbo haijafika kwenye alama. Kale kamzunguko ndiko ulikokosa. Nilipomwonyesha baba kwenye modeli ya mezani, alicheka kwa furaha, akaniambia hata silinda hedi za zamani zilikuwa zikirudiwa baada ya injini kupata moto.

Muda wa kusubiri usiutumie kumfungia mgonjwa tundu. Andika faili: mfumo, aina ya skrubu, namba uliyokazia, racheti gani, mara mbili. Racheti zangu nimezipa herufi, A na B, ili siku racheti moja ikigundulika ni mbovu nijue niwapigie simu akina nani.

Daraja la skrubu nyingi, lile la taya zima juu ya vipandikizi vinne au sita, lifanye kama silinda hedi. Kwanza kaza skrubu moja ya mwisho upande mmoja kwa vidole na uangalie upande wa pili. Daraja likinyanyuka kule, halijakaa, lirudi maabara likakatwe na kuungwa upya. Ukililazimisha kwa skrubu utakuwa umezifanya zote ziwe jeki za kuvuta chuma kilichopinda. Likikaa, anza na za katikati, nenda pembeni kwa kupishanisha, zote kwa vidole, kisha zote 10, kisha zote 15. Dakika kumi. Rudia kwa mpangilio uleule.

Kufunga tundu

Angalia mng'ato kabla hujafunga. Jino la asili lina utando unaoliacha lishuke kidogo likibanwa, kipandikizi hakina. Karatasi ya rangi ikiacha alama nzito kwenye krauni na nyepesi kwa majirani, krauni inabeba mzigo wa meno matatu. Punguza, hasa alama za pembeni, na mwambie mgonjwa asogeze taya kushoto na kulia, maana nguvu za ubavuni ndizo zinazofungua skrubu.

Juu ya kichwa cha skrubu weka tepe nyeupe ya mafundi bomba iliyochemshwa, ishindilie taratibu, acha kama milimita mbili hadi tatu juu, ujaze kompoziti, ile plastiki ngumu ya kuzibia meno. Pamba usiweke, inanyonya mate, na siku ukifungua harufu itakukimbiza. Tepe inatoka yote kwa mvuto mmoja na kichwa cha skrubu unakikuta kisafi.

Mgonjwa arudi baada ya wiki mbili hivi, kisha kwenye miadi yake ya kawaida. Mwambie wazi: jino likicheza hata kidogo, lisimpite hata wiki moja, kwa sababu skrubu iliyolegea ikiendelea kutafuniwa hukatikia ndani. Akija hivyo, usiikaze tu tena. Fungua, toa skrubu, itazame kwa miwani ya kukuza, weka mpya, na utafute kilichoila nguvu yako: jirani aliyebana, mng'ato ulio juu, fizi iliyoingia katikati, au racheti. Mama wa vitumbua huwa anakuja kila Januari. Napitisha uzi pande zote mbili, anauangalia ukipita, na yeye mwenyewe ananiuliza kama sukari nimeshaipima.